Ndoo ya Rangi

Mwezi wa sita hapa Matamba
baridi haipigi hodi. Inaingia,
inakukalia kiti chako.
Ndipo ninapoinama kuikumbatia ndoo,
lita ishirini, zamani ya rangi nyeupe,
na kuivusha kizingiti mgongo ukinung'unika,
mwasumini ukinipigapiga shavuni
kama mtoto asiyetaka kulala.

Ni wa Tulinagwe. Aliutoa Kyela
ukiwa kijiti cha urefu wa penseli,
kimeviringishwa gunia bichi,
akakipakata kona zote za kupanda Chimala.
"Nimekubali kuolewa na baridi yenu," alisema,
"lakini siji peke yangu."

Alitoboa ndoo kwa msumari wa moto, matundu saba,
akatandaza vigae vya chungu kilichovunjika,
udongo wa msituni, mchanga, samadi ya mwaka jana.
Kisha akanipa masharti:
mchana nje, ukutani, jua linapogonga;
usiku ndani, ila si karibu na jiko la mkaa;
maji haba wakati wa baridi,
maana mzizi ulio usingizini huzama.
"Na usiutukane. Unasikia."

Enea Luvanda, jirani yangu wa viazi, alicheka:
"Tweve, hata ndama hujawahi kumlaza sebuleni."

Mwaka huu mama mkwe akaugua.
Tulinagwe akashuka Kyela mwezi Mei,
mimi nikabaki na ndoo na simu.
Kila Jumapili: hali yake?
Hajambo.

Halafu usiku ule lori lilichelewa.
Tulipakia magunia arobaini kwa tochi,
nikaanguka kitandani na buti miguuni.
Alfajiri nyasi zilikuwa nyeupe hadi bondeni,
kila jani limepakwa chumvi.
Sakitu.
Shamba la Enea limeungua pasipo moto.
Na pale ukutani, ndoo.

Majani yake yalining'inia
kama mchicha uliochemshwa ukasahauliwa.

Jumapili nikasema: "Umelala."
Sikuona kama ni uongo mkubwa.

Nikakwangua gome kwa ukucha, kutoka juu:
cheusi. Cheusi. Kahawia.
Upana wa vidole viwili kutoka kwenye udongo
nikakuta kijani chembamba kama uzi wa kushonea.
Nikakata hapo hapo, mkono ukitetemeka,
na kuanzia siku hiyo nikawa nabeba kisiki:
asubuhi nje, jioni ndani,
mtu mzima na ndoo ya udongo.

Enea alikuja. Safari hii hakucheka.
Alikuwa na gunia tupu, na mwaka ule alikuwa nayo mengi.
Akalizungusha ndoo, akafunga kwa kamba ya katani,
akaketi kidogo, akaondoka bila kunywa chai.

Julai ikapita. Agosti na upepo wake wa vumbi.
Septemba, ubavuni mwa kisiki, jicho,
jekundu, la ukubwa wa punje ya ulezi.
Nikaenda kuosha mikono ndipo nikaligusa.

Jumapili hiyo nilikuwa na la kusema.
Tulinagwe akanitangulia:
"Tangu Juni hujaniambia unanukia."
Nikanyamaza. Mtandao ukakoroma.
"Umekufa?"
"Umefupika."

Alikaa kimya hadi nikadhani salio limekwisha.
"Mama naye amefupika," akasema.
"Asubuhi namnyanyua, namkalisha nje juani.
Jioni namrudisha ndani.
Mwepesi, Tweve. Huwezi kuamini."

Usiku ule haukuwa wa kuua kitu.
Enea alikuwa nje na shati la mikono mifupi.
Niliibeba ndoo hata hivyo,
nikaigonga kwenye fremu ya mlango,
tusi likafika kwenye meno,
nikalimeza.